Tujenge kipya ama tutunze cha zamani? Funzo la ngazi za umeme za London

1/ Kila msimu wa bajeti mjadala ni ule ule. Mradi mpya unakatiwa utepe, wa zamani unaambiwa "tutaangalia." Hebu tuone jinsi "tutaangalia" ilivyogharimu reli ya chini ya ardhi ya London. Twende polepole.

2/ Ngazi za umeme zilianza kubeba abiria huko mwaka wa 1911, stesheni ya Earl's Court. Watu walishangaa sana. Miaka ikapita, zikazoeleka. Nyingi zilikuwa na vidato vya mbao, na zilizeeka zikiwa kazini.

3/ Shida ilikuwa chini ya vidato, mahali abiria haoni. Grisi ilishika vumbi, nywele na vipande vya karatasi. Mioto midogo ikazuka mara kwa mara, ikazimwa, maisha yakaendelea. Wakubwa hata hawakupenda neno "moto". Walisema ngazi "imefuka" tu.

4/ Mwaka wa 1984 stesheni ya Oxford Circus iliungua. Mwaka uliofuata sigara zikapigwa marufuku kwenye stesheni za chini. Sawa, lakini wengi waliwasha yao wakiwa kwenye ngazi wakitoka nje. Uchafu nao ulibaki pale pale.

5/ Tarehe 18 Novemba 1987, jioni, King's Cross. Kijiti cha kiberiti kilipenya kando ya vidato, kikatua kwenye grisi. Moto ulionekana mdogo. Halafu, kwa ghafla, ukaruka hadi kwenye ukumbi wa tiketi. Watu 31 walikufa, mmoja wao afisa wa zimamoto aliyekuja kuokoa wengine.

6/ Uchunguzi rasmi ulioongozwa na Desmond Fennell haukuishia kwa kiberiti. Uligundua wasimamizi walishazoea mioto, wakaiona haiepukiki. Kila idara ilishughulika na yake. Cha wote kikawa hakina mwenyewe.

7/ Baada ya hapo mbao zikaanza kuondolewa, na vifaa vya kugundua joto na kunyunyiza maji vikawekwa. Ngazi ya mwisho ya mbao, ya stesheni ya Greenford iliyo juu ya ardhi, iliondolewa mwaka wa 2014. Hiyo ni miaka 27 baadaye.

8/ Tuwe wakweli: matengenezo hayana kura. Ukifunga ngazi moja kwa miezi kadhaa, abiria watakutukana kila asubuhi. Ukiibadilisha vizuri, hakuna kitakachotokea, na hakuna atakayekushukuru kwa moto ambao haukuwaka.

9/ Ndiyo maana swali lazima litoke kwetu. Mtu akisimama jukwaani na ahadi ya mradi mpya, muulize mawili: mwaka wa kumi pesa za kuutunza zitatoka wapi? Na ukiharibika, nani hasa atawajibika? Asipojibu, ujue bei aliyokutajia ni nusu tu.