Mto wa Mti: Urembo na Raha ya Shingo katika Nchi ya Lualaba

Mto wa mti ni kigogo kifupi kilichochongwa ili kuinua kichwa cha mtu aliyelala. Huwekwa chini ya shingo na taya, na mlalaji hulala ubavu. Kazi yake kubwa ni kulinda nywele.

Katika eneo la Kabambare, nchi ya Manyema mashariki mwa Kongo, ulipo leo mji wa Salamabila, nywele zilikuwa za kulindwa kweli. Msafiri Mskoti David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, na baadaye akakwama huko miezi kadhaa kwa vidonda vya miguu. Aliandika jinsi wanawake wa Manyema walivyosokota nywele zao zikatokeza kisogoni mfano wa kikapu. Kusini zaidi, kwa Waluba wa Katanga, kulikuwa na msuko ulioshuka nyuma ya kichwa tabaka kwa tabaka. Kuusuka kulichukua saa nyingi sana, lakini ukilaliwa kwa mto wa mti ulidumu miezi miwili au mitatu.

Waluba ndio waliofikisha ufundi huu mbali zaidi. Mchongaji alitwaa kipande kimoja cha mbao, akaanza kwa tezo na kumalizia kwa kisu. Juu alichonga egemeo la shingo, lililobonyea na kulainishwa, bila nakshi yoyote. Chini alipanua msingi ili mto usipinduke mlalaji akigeuka. Urembo wote aliuweka katikati, mahali ambapo mwili haugusi: mwanamke mmoja, au wawili wanaotazamana na kushikana, nao wamesukwa msuko uleule unaolindwa. Walibeba mzigo wa kweli, kwani kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Fundi mmoja au karakana moja ya mtindo huo, ambayo jina lake halikuandikwa, wataalamu wa sanaa wanaiita kwa jina la msuko wenyewe, msuko wa maporomoko.

Mgeni aliyezoea pamba aliuona mto huo mgumu, na mgumu ulikuwa. Hata hivyo, kimo chake kilijaza nafasi kati ya bega na kichwa, na hewa ilipita shingoni usiku wa joto. Kanuni ya kutenga pambo na mguso haijapitwa na wakati. Kipanya cha mviringo kilichotoka na kompyuta ya iMac ya Apple mwaka 1998 kilipendeza macho, ila kiganja hakikutambua mbele ni wapi. Mwaka 2000 kiliachwa.

Mito ya pamba na nywele fupi viliutoa mto wa mti vyumbani katika karne ya 20. Mingi ya Waluba iko sasa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, yale ya Tervuren nchini Ubelgiji yakiwa mojawapo. Kaskazini mwa Kenya, wanaume wa Kiturkana bado hutembea na ekicholong, ambacho mchana ni kigoda na usiku ni mto.