Gari la umeme: Mahali pa kufunga betri

KUGEUZA gari la mafuta liwe la umeme si jambo geni nchini Kenya. Kampuni ya Opibus, iliyobadili jina kuwa Roam mwaka wa 2022, iligeuza magari ya watalii. Kwa anayejaribu kazi hiyo nyumbani, mzigo mkubwa ni betri. Betri 8 za tindikali za volti 12, zenye kilo 30 kila moja, hutimiza kilo 240.

Mzigo huo hufungwa chini, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili gari lisiyumbe kwenye kona. Hata hivyo, katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako barabara nyingi za mashambani hukata mito ya msimu, sanduku linaloning'inia chini ya fremu huweza kugonga mawe au kuingia maji.

Sanduku hukazwa kwa boliti kwenye fremu, kwani bati la sakafu huraruka kwa mitikisiko. Vyuma hupitishwa juu ya betri ili zisiruke gari likipinduka.

Betri za tindikali zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Kwa hivyo sanduku huwekewa bomba la kuitoa nje. Zikiunganishwa kwa mfululizo, betri hizo 8 hutoa volti 96, ambazo zaweza kuua. Fyuzi huwekwa karibu nazo, na ncha hufunikwa kwa mpira.