Ukarabati Mkuu si Usasishaji

Lori kuukuu likiletwa hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuuzwa, mnunuzi mzoefu hashughuliki na rangi wala viti. Huuliza injini ilifunguliwa lini, na nani aliifungua. Jeshi linaponunua helikopta iliyotumika linahitaji kuuliza hilohilo, ila magazeti yetu hayatusaidii: huandika tu kwamba helikopta "zimefanyiwa ukarabati", na ndani ya neno hilo kuna kazi mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza naiita ukarabati mkuu. Injini, giaboksi na pangaboi la helikopta vina kikomo cha matumizi, kwa saa za kuruka au kwa miaka. Kikomo kikifika, kifaa hufunguliwa chote, hupimwa nyufa, vilivyochoka hutupwa, na saa huhesabiwa upya. Chombo hakipati uwezo mpya hata chembe. Kinapata ruhusa ya kuendelea kuruka. Ya pili ni usasishaji: injini yenye nguvu zaidi, redio mpya, miwani ya kuonea usiku, kinga dhidi ya makombora. Uwezo unaongezeka, lakini uchovu wa bodi la zamani unabaki palepale.

Jirani zetu Uganda waliujua uzito wa tofauti hii kwa hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliagiza helikopta nne za Mi-24 kutoka Belarus, kwa masharti kwamba ziwe zimefanyiwa ukarabati mkuu. Zilifika mbili mwaka 1998, na hazikufaa kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ndiyo iliyoichunguza biashara hiyo. Fedha za umma zilikuwa zimekwenda, na jeshi lilibaki na vyuma.

Usasishaji nao una hatari zake. Mwaka 1995 Uingereza iliagiza Chinook nane zenye chumba cha rubani cha aina ya pekee, kwa pauni milioni 259. Zilipofika, hazikuweza kuidhinishwa kuruka ndani ya mawingu, kwa sababu mkataba haukuipa wizara haki ya kuzichunguza programu za kompyuta zilizoziendesha. Zikafungiwa kwa miaka, kisha zikagharimu fedha nyingine ili kurudishiwa vyombo vya mtindo wa zamani. Kasoro ilikuwa kwenye karatasi, mitambo yenyewe ilikuwa mipya.

Kenya, Desemba 2016, ilipokea kutoka Marekani helikopta za Huey II. Hizo ni UH-1 za zamani zilizojengwa upya na kupewa injini yenye nguvu zaidi, yaani kazi zote mbili kwa pamoja. Njia hiyo ina busara yake, mradi kila kazi ipigiwe hesabu yake, pamoja na vipuri, mafuta na mafunzo ya miaka yote ya matumizi. Hesabu hiyo naiita gharama za umri mzima. Bei ya kununulia ni mwanzo wake tu.

Huku mpakani jamii ya Wateso iko pande zote mbili, na majeshi yote mawili huchukua vijana wetu, ambao ndio hupanda helikopta hizi. Kwa hiyo nataka zabuni itenganishe kazi hizi mbili, kila moja na bei yake, na fundi wa jeshi asome kitabu cha kumbukumbu cha kila injini kabla hundi haijasainiwa.