Upasuaji wa kano: Mshono ni mwanzo tu, kazi kubwa hufanyiwa nyumbani

MGONJWA anayeshuka basi mjini Isiolo baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti jijini Nairobi, umbali wa takriban kilomita 285, huwa amemaliza sehemu fupi zaidi ya matibabu yake. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja au mbili hivi. Kazi inayofuata, ya kulifunza goti kunyooka, kubeba uzito na hatimaye kukimbia, huchukua miezi tisa au zaidi, na aghalabu hufanyiwa nyumbani, mbali na macho ya daktari aliyelipasua.

Hapo ndipo wengi huharibikiwa, na si kwa uvivu pekee. Kuna wanaokaa kitandani kwa hofu ya kukata mshono, goti likakakamaa. Kuna wengine ambao huona maumivu yamekwisha kufikia mwezi wa tatu, wakarudi uwanjani, na kano ikakatika upya.

Kano za mwili ni za namna mbili. Zipo zinazofunga mfupa kwa mfupa, ambazo wataalamu huziita ligamenti, na zipo zinazounganisha msuli na mfupa, yaani tendoni. Zote hupata damu kidogo zikilinganishwa na msuli au mfupa, na ndiyo sababu hupona polepole.

Kano ya goti inayotajwa sana na wapenzi wa kandanda ni ile ya msalaba ya mbele. Hukatika mchezaji anapogeuka ghafla ilhali mguu umekita ardhini, au dereva wa bodaboda anapoanguka huku goti likipindwa. Goti huvimba katika muda wa saa chache. Aghalabu kano hii haishonwi. Daktari huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa, ama chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, na kukipitisha katika matundu yaliyotobolewa mifupani ili kichukue nafasi ya ile iliyokatika.

Si kila aliyekatika kano hii hulazimika kupasuliwa. Utafiti uliofanyiwa vijana 121 nchini Sweden na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa walioanza na mazoezi ya tiba ya viungo, zaidi ya nusu hawakuwa wamepasuliwa miaka miwili baadaye. Mfugaji anayetembea mwendo mrefu lakini wa moja kwa moja huenda akaishi vyema bila kisu, ila mchezaji wa kandanda ana hesabu tofauti.

Kipande kilichopandikizwa huwa hakina mishipa ya damu siku za kwanza. Mwili hukivamia taratibu, ukakitengenezea mishipa na kukigeuza kuwa kano mpya. Katika kipindi hicho, hasa kati ya wiki ya sita na ya 12, kipande huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku kilipowekwa. Balaa ni kwamba huo ndio wakati mgonjwa anapojihisi amepona: uvimbe umeshuka, magongo yametupwa pembeni, na marafiki wanauliza atarudi lini kikosini.

Kisa cha Ronaldo wa Brazil kingali funzo katika vyuo vya tiba ya michezo, ingawa chake kilihusu tendoni ya chini ya pia ya goti. Aliumia Novemba 1999 akiichezea Inter Milan, akapasuliwa, na kurejea Aprili 12, 2000, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Aliingia kama mchezaji wa akiba, na dakika chache baadaye kano ilikatika kabisa bila yeye kuguswa na mtu. Safari ya pili alipewa muda mrefu zaidi. Katika Kombe la Dunia la 2002 alifunga mabao manane, mawili yakiwa ya fainali dhidi ya Ujerumani.

Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka wa 2016 uliupa ushauri huo nambari: kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kuumia goti tena. Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Msuli wa paja la mguu uliopasuliwa unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na mgonjwa aweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila goti kuingia ndani.

Lengo la majuma mawili ya kwanza ni dogo lakini halina mbadala, nalo ni goti kunyooka kikamilifu. Kosa la kawaida nyumbani ni kuweka mto chini ya goti kwa sababu mgonjwa hupata nafuu. Goti hulala likiwa limekunjwa, na baada ya mwezi mmoja hukataa kunyooka, mtu akachechemea. Kitambaa au kikoi kilichokunjwa huwekwa chini ya kisigino, si chini ya goti, kisha mgonjwa akakaza msuli wa mbele wa paja huku akisukuma goti chini, akahesabu hadi tano na kulegeza. Zoezi hilo halihitaji mashine wala nauli. Msuli huo husinyaa upesi mno baada ya upasuaji kwa kuwa uvimbe wa goti huuzuia kupokea amri ya ubongo, na kuuamsha ndiyo kazi inayomchosha zaidi mtaalamu wa tiba ya viungo.

Maisha ya Isiolo yana mitihani ambayo vijitabu vya ng'ambo havitaji. Choo cha shimo humlazimu mtu kuchutama, jambo ambalo goti jipya haliwezi kwa miezi kadhaa. Kiti cha mbao kilichotobolewa tundu humwokoa. Mwislamu aliyepasuliwa ana ruhusa ya dini kuswali akiwa ameketi kitini, na hana haja ya kuharakisha kukalia nyayo. Aliyetolewa kano chini ya pia ya goti huumia akipiga magoti hata goti lenyewe likiwa imara. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hakuna aliye na magongo anayepaswa kuubeba.

Mkono ni habari nyingine, na pengine ndio wenye hasara kubwa zaidi kwa wakazi wengi. Panga likiteleza au chupa ikivunjika kiganjani, kano za kukunja vidole hukatwa. Asiyeweza kukunja vidole hawezi kukama ngamia, kuvuta kamba ya kisima wala kushika usukani.

Kano za vidole hupita ndani ya mfereji mwembamba. Zikitulizwa kabisa baada ya kushonwa, kovu huzigandisha kwenye kuta za mfereji huo na kidole hubaki kama kijiti. Zikitumiwa kwa nguvu, mshono hukatika. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kushona papo hapo kano zilizokatwa kwenye mfereji huo. Katika miaka ya 1960, daktari Harold Kleinert wa Louisville, Marekani, alionyesha kwamba kano zaweza kushonwa mara moja endapo vidole vitaanza kusogezwa mapema, huku vikilindwa kwa banzi na mipira ya kunyumbuka.

Msingi huo ungalipo. Banzi huwekwa upande wa nyuma wa mkono, kifundo na vidole vikiwa vimeinama kidogo, na kwa kawaida huvaliwa usiku na mchana kwa takriban wiki sita. Mgonjwa hukunja vidole vilivyoumia kwa msaada wa mkono mzima, kisha huvinyoosha mwenyewe hadi viguse banzi, mara nyingi kwa siku kama atakavyoelekezwa. Kubeba vitu vizito husubiri hadi wiki ya 12. Wanaovua banzi "kidogo tu" ili wafue au wakame ndio wanaorudi hospitalini kidole kikining'inia.

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 25,000 mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Hospitali kuu ya rufaa iko mjini Isiolo. Anayeishi Merti au Sericho hawezi kufika kwa mtaalamu mara mbili kwa wiki, hasa mvua inapoharibu barabara. Njia ya busara ni kupanga ziara chache zenye shabaha: wiki ya pili, ya sita, ya 12, na kabla ya kurudia kazi nzito au michezo. Kati ya ziara hizo, mtu mmoja wa nyumbani aliyefunzwa mazoezi humsimamia mgonjwa.

Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya mwaka wa 2014 inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na baraza lake, na mgonjwa ana haki ya kuulizia usajili huo. Kukandwa kwa nguvu na mafuta ya moto juu ya kano iliyoshonwa karibuni ni hatari, hata mkandaji awe na sifa kiasi gani kijijini.

Zipo dalili zisizongoja ziara: homa au usaha kwenye kidonda, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana, goti kutoa mlio na kulegea, au kidole kilichokuwa kikikunjika kukoma ghafla.

Kabla ya kupanda basi kurudi kaskazini, mgonjwa aombe maelezo ya upasuaji kwa maandishi. Karatasi hiyo itaje ni kano gani iliyoshonwa au kupandikizwa, kipande kilitolewa wapi, iwapo gegedu ya goti pia ilishonwa, uzito unaoruhusiwa mguuni na tarehe ya kuvua banzi. Gegedu ikiwa imeshonwa, mgonjwa huenda akakatazwa kukanyaga au kukunja goti sana kwa majuma kadhaa. Mtaalamu wa Isiolo asiyeandikiwa hilo hana namna ya kuliona kwa macho.