Polarimetria ya asteroidi

Polarimetria ya asteroidi ni njia ya astronomia ya kupima polarisheni ya mwanga wa Jua unaoakisiwa na asteroidi, ili kutambua hali ya uso wake: weusi au weupe wake, ukubwa wa punje za vumbi lake na aina ya madini yake. Asteroidi nyingi ni ndogo na ziko mbali, hivyo hata kwa darubini kubwa huonekana kama nukta ya mwanga tu. Polarimetria huwezesha kupata habari za uso kutokana na nukta hiyo.

Polarisheni ni nini

Mwanga ni wimbi linalotetema kwa kukingama na mwelekeo wa safari yake. Mwanga unaotoka kwenye Jua hutetema pande zote sawasawa. Ukiakisiwa, mitetemo ya upande mmoja huzidi ile ya pande nyingine. Hali hiyo huitwa polarisheni. Mfano wake ni mng'ao wa jua juu ya maji ya Ziwa Viktoria, kama unavyoonekana kutoka pwani za Geita. Mitetemo ya mng'ao huo huwa zaidi ya mlalo, na miwani yenye kichujio cha polarisheni huupunguza.

Wanaastronomia hutumia polarimita, chombo kinachofungwa kwenye darubini. Huchuja mwanga kwa pembe mbalimbali na kulinganisha nguvu zake. Matokeo hutolewa kwa asilimia.

Pembe ya awamu

Polarisheni ya asteroidi hubadilika kufuatana na pembe ya awamu, yaani pembe kati ya Jua na mtazamaji ikipimwa kutoka kwenye asteroidi yenyewe. Kwenye nyuzi 0 polarisheni ni sifuri. Chini ya nyuzi 20 hivi huwa hasi, maana yake mitetemo imeelekea upande ulio kinyume na ule wa kawaida; juu ya hapo huwa chanya na kuongezeka. Mfaransa Bernard Lyot alichapisha vipimo vya namna hii vya Mwezi na sayari mwaka 1929.

Asteroidi za ukanda mkuu, ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, hazionekani kutoka Duniani kwa pembe inayozidi sana nyuzi 30. Zile zinazopita karibu na Dunia zinaweza kufikia nyuzi 100 au zaidi.

Weusi na ukubwa

Mwaka 1905 Mrusi Nikolay Umov alieleza kwamba uso mweusi hutoa polarisheni kubwa kuliko uso mweupe. Kwenye uso mweupe mwanga hurukaruka kati ya punje nyingi kabla ya kutoka, na mitetemo yake huchanganyika. Uso mweusi hunyonya mwanga huo. Unaobaki ni ule ulioruka mara moja tu. Ndiyo sababu udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga kwa kawaida hutoa polarisheni kubwa kuliko mchanga mweupe mkavu ukitazamwa kwa pembe ileile.

Kanuni hii husaidia kukadiria albedo, yaani sehemu ya mwanga inayoakisiwa, na kwa njia hiyo ukubwa wa asteroidi. Tuseme asteroidi mbili zina mng'ao sawa na ziko umbali sawa, moja ina albedo ya 0.20 na nyingine 0.05. Ile nyeusi ina kipenyo mara mbili na ujazo mara nane. Tofauti hiyo ni muhimu sana katika kukadiria madhara ya asteroidi ikigonga Dunia.

Polarisheni hutegemea pia ukubwa wa punje, kwa hiyo vipimo hulinganishwa na vile vya spektra na vya mwanga wa infraredi.

Vimondo vya Tanzania

Makadirio ya mbali huhakikiwa kwa mawe yaliyofika Duniani. Tanzania ina mifano ya aina mbili zinazotofautiana sana.

Kimondo cha Malampaka kilianguka mwaka 1930 kaskazini mwa mji wa Shinyanga, katika eneo ambalo sasa ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu. Ni kondriti ya kawaida ya kundi la H. Kondriti za kawaida huhusishwa na asteroidi za aina S, ambazo albedo yake ni takriban 0.20. Uhusiano huo ulithibitishwa na vumbi la asteroidi Itokawa, lililoletwa na chombo cha Kijapani Hayabusa mwaka 2010.

Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938 kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, katika Mkoa wa Songwe wa sasa. Kina uzito wa gramu 705 hivi, ni cheusi na chenye kaboni. Kundi zima la vimondo vya CI limepewa herufi I kutokana na jina Ivuna.

Asteroidi Ryugu ilipopimwa kutoka Duniani ilionyesha polarisheni ya takriban asilimia 53 kwenye pembe ya nyuzi 100 hivi, dalili ya uso mweusi sana. Mnamo Desemba 2020 chombo cha Hayabusa2 kilileta gramu 5.4 za mata yake, na uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba inafanana na vimondo vya kundi la Ivuna.

Mgongano wa Dimorphos

Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani DART kiligonga Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi Didymos. Baada ya mgongano polarisheni ya mfumo huo ilishuka ghafla, dalili kwamba vumbi lililorushwa lilikuwa na punje ndogo au nyeupe kuliko za uso wa awali.

Angalia pia

Asteroidi
Kimondo
Kimondo cha Mbozi