Uozo wa Mizizi ya Maharagwe katika Nchi ya Bukura

Uozo wa mizizi husababishwa na vimelea wa udongoni. Wawili kati yao ndio wakuu: pithiamu, kiumbe afananaye na kuvu, ambaye vijidudu vyake vya uzazi huogelea katika maji ya udongo uliolowa mpaka kuifikia mizizi, na fusariamu, kuvu halisi ambayo huweza kukaa ardhini miaka mingi ikingoja mmea inaoufaa.

Bukura, katika Kaunti ya Kakamega, ina mvua nyingi ambayo kwa kawaida ni neema kwa mkulima, lakini mvua hiyohiyo huwafaa vimelea hao. Shule ya kilimo iliyoanzishwa hapo katika miaka ya 1920, ambayo leo ni Chuo cha Kilimo cha Bukura, ilifundisha matumizi ya samadi na kilimo cha mzunguko, yaani kubadilisha mazao shambani ili ugonjwa wa zao moja ukose chakula. Mafunzo hayo yalikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana baadaye ni ardhi ya kuyatekelezea. Mashamba yalipogawanywa kwa urithi, kizazi baada ya kizazi, familia nyingi zililazimika kupanda maharagwe katikati ya mahindi kila msimu, mahali palepale, na rutuba ikapungua huku vimelea wakiongezeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 madhara yalidhihirika kote Kakamega na Vihiga: miche ilinyauka na kugeuka manjano, na iling'oka kwa urahisi kwa kuwa mizizi ilikuwa imekwisha kuoza, hata baadhi ya wakulima wakaacha kabisa kupanda zao hilo. Hasara hiyo haipimwi kwa magunia peke yake, kwa sababu maharagwe ndiyo yaliyotia nguvu katika pure na mushenye, chakula cha viazi vitamu vilivyopondwa pamoja nayo.

Watafiti wa kituo cha serikali cha Kakamega, akiwamo Reuben Otsyula, walizijaribu mbegu zilizotoka Rwanda na Mulungu, katika Kongo ya mashariki, ambako maradhi hayo yalikuwa yamewatesa wakulima vilevile. Miongoni mwa aina zilizotolewa ni KK8, KK15 na KK22. KK15 ina punje nyeusi, rangi isiyopendwa sana sokoni, na kukubalika kwake na wakulima wengi ni ushahidi wa ukubwa wa njaa iliyotangulia.

Pamoja na mbegu hizo yalisisitizwa matuta, yanayoondoa maji mizizini, na majani mabichi yanayofukiwa ardhini ili kurudisha rutuba. Mbegu stahimilivu peke yake haitoshi, kwani nzi wa maharagwe hutaga mayai kwenye mche mchanga, na funza wake wanapolitoboa shina hufungua mlango ambao fusariamu huupitia.