Kabla hujamwita kikojozi (sehemu ya 3)

Wiki iliyopita niliahidi kueleza kwa nini mtoto wa miaka 7 anakuwa mkavu mchana kutwa, halafu usiku analoweka godoro. Mtaani jibu lipo tayari: mvivu, anadeka. Anachapwa. Wengine wanabebeshwa godoro ili wenzao wawaimbie "kikojozi". Jamani, weka fimbo chini kwanza, usome.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Sehemu yake ya nyuma inamwaga kwenye damu homoni inayoziambia figo zirudishe maji mwilini, zisiyatoe yote kama mkojo. Hiyo ndiyo vasopresini.

Kazi yake hii ilionekana mwaka 1913. Kuna ugonjwa unaomfanya mtu akojoe lita nyingi kwa siku, mkojo mweupe kama maji, hauna sukari, na kiu haikatiki. Von den Velden huko Ujerumani na Farini huko Italia, kila mmoja kivyake, waliwadunga wagonjwa hao dawa iliyotolewa kwenye sehemu ya nyuma ya tezi hiyo. Mkojo ukapungua. Baadaye Mmarekani Vincent du Vigneaud akaitengeneza homoni yenyewe maabara, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Shida ni kwamba inabana mishipa ya damu na haikai mwilini. Mwaka 1967 wanakemia wa Prague wakaibadilisha kidogo, wakapata desmopresini: inakaa muda mrefu na haipandishi presha kama ile ya asili.

Na mtoto wa kitandani? Yeye alikuwa na kengele, na hii hadithi naipenda kwa sababu inatuhusu manesi. Mwaka 1904 daktari wa watoto aitwaye Pfaundler alieleza kifaa cha umeme kilichowekwa chini ya watoto wodini. Mtoto akilowa, kengele inalia, nesi anakuja kumbadilisha. Lengo lilikuwa hilo tu! Lakini baada ya muda baadhi ya watoto wakaacha kukojoa. Mwaka 1938 Mowrer na mkewe, Wamarekani, wakaitumia kama tiba kabisa. Mpaka leo kengele ni moja ya tiba bora tulizonazo.

Sasa twende Aarhus, Denmark. Mwaka 1985 Jens Peter Nørgaard na wenzake walifanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza mbona halikufanywa mapema. Walipima homoni hiyo kwenye damu ya watoto mchana na usiku. Kwa wasiokojoa kitandani, usiku homoni inapanda, figo zinapunguza kazi, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Kwa wanaokojoa, haikupanda hivyo. Figo zao ziliendelea kutengeneza mkojo mwingi kana kwamba ni saa sita mchana, mpaka kibofu kikashindwa kubeba.

Mama, fimbo itaipandishaje homoni?

Si watoto wote wako hivyo, nisikudanganye. Wengine homoni iko sawa ila kibofu ni kidogo, au kinajikaza ovyo usiku. Wengi usingizi wao ni mzito, kibofu kinajaa na hawashtuki. Na inarithiwa sana. Muulize bibi yake taratibu, utasikia baba mtu naye aliloweka mikeka.

Dawa ya Prague ikaja kuwasaidia watoto hawa pia, lakini usiinunue duka la dawa kwa kusikia kwangu. Mtoto akiimeza kisha akanywa maji mengi, chumvi ya damu inashuka, anaweza kupata degedege. Mwaka 2007 Marekani iliondoa ile ya kupuliza puani kwenye tiba ya kukojoa kitandani kwa sababu hiyohiyo. Daktari ndiye anayeiandika, na anayeimeza usiku hanywi maji ovyo mpaka asubuhi.

Chini ya miaka 5, subiri tu. Ila usisubiri kama alikuwa ameshaacha akaanza tena, kama anakonda, anakunywa maji usiku na mchana, analia akikojoa, au anajikojolea hata mchana, au anafunga choo. Huyo mlete kliniki kesho asubuhi, tumpime mkojo na sukari.